Gesi Inayochafuka Kati ya Nyota

Wengi wetu tumewahi kusikiliza redio ya masafa mafupi usiku. Sauti inapanda, inashuka, mara inapotea, halafu inarudi. Tunalaumu betri. Lakini mara nyingi betri haina kosa. Juu angani kuna tabaka la gesi ambamo mwanga mkali wa jua umeng'oa elektroni, yaani vijipande vidogo sana vyenye umeme. Tabaka hilo halitulii, na mawimbi ya redio yakipita hapo huyumba.

Gesi ya namna hiyo iko pia mbali sana, kati ya nyota na nyota. Ni nyepesi ajabu: katika nafasi ya debe la lita 20 kwa kawaida kuna elektroni mia chache tu. Kwa macho hatuioni. Basi tumeijuaje?

Twende Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1967. Mwanafunzi Jocelyn Bell na wenzake walikuwa wamepigilia nguzo na kufunga nyaya shambani, wakajenga antena ya kuchunguza jinsi upepo wa Jua unavyoyumbisha mawimbi ya redio kutoka mbali. Katika karatasi ndefu za chombo hicho aliona alama ndogo ya ajabu. Angeweza kusema ni kelele tu, lakini hakuipuuza. Kumbe ilikuwa pulsa, nyota iliyokufa na kushindiliwa, inayozunguka na kutoa pigo moja kila sekunde 1.34.

Kila pigo lina mawimbi mafupi na marefu. Huondoka pamoja, lakini marefu hufika yamechelewa, kwa sababu gesi ile huyazuia zaidi. Tukipima kuchelewa huko, tunajua gesi iliyoko njiani ni kiasi gani.

Tena, nguvu ya mapigo hupanda na kushuka, kama nyota zinavyometameta. Hii huonyesha kwamba gesi imekaa kwa mabonge, na haitulii. Inachafuka kama mto unaopita kwenye mawe: mzunguko mkubwa huvunjika na kuzaa midogo. Mwaka wa 1995 Armstrong, Rickett na Spangler waliunganisha vipimo vingi, wakaona mchafuko huo toka mabonge ya kilomita elfu chache hadi ya mabilioni ya kilomita.

Basi siku redio ikiyumba, tusiipige makofi upesi. Huko kuyumba nako kuna habari yake.

Swali la kujadiliana: Ni vitu gani vingine tusivyoviona, lakini tunavijua kwa vile vinavyotikisa?