Je, Wajua? Mpiga Bluzi Aliyeitwa Baba wa Muziki wa Injili
Thomas A. Dorsey (1899–1993), Mmarekani mweusi mzaliwa wa Georgia anayestahili kabisa kuitwa baba wa muziki wa Injili, alianza kwa kumpigia piano Ma Rainey, mwimbaji mashuhuri wa bluzi, yaani nyimbo za majonzi na mapenzi za Wamarekani weusi, kabla ya kuuingiza mtindo huo kanisani, ingawa wachungaji wengi wa Chicago waliupinga mwanzoni. Mwaka 1932, akiwa St. Louis kuimba katika mkutano wa uamsho, alipokea telegramu kwamba mkewe, Nettie, amefariki akijifungua. Punde mtoto naye akafa. Katika msiba huo mzito alitunga wimbo “Take My Hand, Precious Lord”, ambao mwimbaji wa Injili Mahalia Jackson aliuimba kwenye mazishi ya mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, Martin Luther King, mwaka 1968.