Jina Hufuata Daftari, Neno Hufuata Jikoni

Mapema mwaka 1916 Voi ilikuwa njia panda ya majeshi. Wanajeshi kutoka Afrika Kusini walipita hapa kwenda Maktau na Taveta kupigana na Wajerumani. Mwezi Februari walirudishwa nyuma kwenye kilima cha Salaita. Mwezi Machi wapanda farasi wa Jenerali Jacob van Deventer wakazunguka kwa upande wa Ziwa Chala, na Taveta ikakombolewa. Wengi wa wapanda farasi hao walikuwa Makaburu, wasemaji wa Kiafrikana. Kwa Makaburu, majina ya ukoo kama du Toit, Joubert, Marais na Malan ni ya kawaida, kama Mwakio na Mwadime yalivyo kwa Wataita. Yote manne yametoka Ufaransa, ingawa Kifaransa chenyewe kilikwisha kufa midomoni mwa koo hizo zamani.

Kisa chake ni hiki. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 aliwaondolea Waprotestanti wa Ufaransa haki ya kuabudu. Wengi walikimbilia Uholanzi, na kuanzia 1688 wapatao 200 wakapelekwa Rasi ya Tumaini Jema na kampuni ya biashara ya Kiholanzi. Walichanganywa na wakulima Waholanzi ili wasikae peke yao, na mwaka 1701 ikaagizwa watoto wao wafundishwe Kiholanzi. Mnajimu Mfaransa La Caille, alipokuwa huko mwaka 1752, alikuta Kifaransa kimebaki kwa watu wazima wa makamo na wazee tu. Majina yalisalimika kwa sababu yaliandikwa katika daftari za kanisa na hati za mashamba, ingawa mengine yalipinda: Villion likawa Viljoen, Pinard likawa Pienaar. Maneno ya Kifaransa yaliyomo katika Kiafrikana, kwa sehemu kubwa, yalikuja yakiwa tayari ndani ya Kiholanzi.

Sasa watazame watumwa walioletwa Rasi kutoka visiwa vya Mashariki. Wao hawakuwa na daftari la kuwatetea. Wengi walipewa majina mapya na mabwana zao, hata majina ya miezi. Hata hivyo maneno ya Kimalei yako kinywani mwa kila Kaburu: ndizi ni piesang, na neno la "sana" ni baie. Watumwa ndio waliopika, waliolea na waliobembeleza watoto, na mtoto husema kama anayemlea.

Nyumbani kwetu Taita mizani imeelemea upande huo wa pili. Mwaka 1981 wataalamu wawili wa lugha, Christopher Ehret na Derek Nurse, walichapisha utafiti kuhusu Wakushi wa Taita. Walionyesha kwamba Kidawida na Kisagalla vimebeba maneno ya lugha mbili za Kikushi zilizowahi kusemwa katika milima hii kabla wasemaji wake hawajamezwa na majirani wao Wabantu.

Mtaalamu huligunduaje neno la aina hiyo? Lugha za Kibantu hulingana kwa utaratibu: palipo na t katika "tatu" ya Kiswahili, Kidawida husema idadu. Neno likivunja utaratibu huo, lisionekane kwa Wabantu wengine, kisha likapata ndugu katika Kiiraqw, lugha ya Kikushi ya Mbulu, Tanzania, hapo asili yake imejitaja.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni wa matamshi. Lugha za Kikushi cha Kusini zina sauti ambayo katika kuitamka ulimi hukaa kama wa l, lakini pumzi hupita pembeni kwa mkwaruzo. Wazulu nao wanayo, huiandika hl. Sauti hiyo ilidumu ndani ya maneno ya mkopo huku Taita hadi nyakati ambazo wazee waliweza kuzikumbuka, kabla ya sauti za Kibantu kuchukua nafasi yake. Sauti ngumu namna hiyo haiokotwi sokoni. Huingia nyumbani kwa ndoa na malezi, na kudumu kwake kunaonyesha kwamba mchanganyiko huo si wa kale mno.

Daftari lilichelewa kufika. Mmisionari J. A. Wray alianza kazi Sagalla mwaka 1883, mapadre wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni ya Bura mwaka 1892, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ikaleta kipande cha utambulisho. Kabla ya hapo hapakuwa na karatasi ya kuhifadhi majina ya Wakushi hao.

Kwa hiyo anayetafuta asili ya Wataita kwa kusoma vitambulisho peke yake atapata nusu ya habari. Nusu nyingine imo katika majina ya mimea, ya mifugo, ya vilima na ya vyombo, kama yanavyotamkwa na mabibi na mababu. Simu ya mkononi inatosha kuyarekodi, na walimu wa Voi, Wundanyi na Mwatate wanaweza kuwatuma wanafunzi wao kazi hiyo wakati wa likizo. Wairekodi sauti yenyewe, si tahajia tu, kwa maana karatasi huwahifadhi waliokuwa na kalamu; wasiokuwa nayo tunaweza kuwasikia tu.