Vikosi Vidogo Vyachukua Nafasi ya Idara

Kampuni nyingi kongwe hupoteza soko kwa uamuzi kukawia, hata pale mtaji upo. Hoja hutoka idara ya mauzo, hupita kwa mwanasheria, fundi wa kompyuta na mhasibu. Ikirudi, mteja amekwisha kwenda kwingine.

Mwaka 2015, benki ya ING ya Uholanzi ilivunja mpango huo katika makao makuu yake mjini Amsterdam. Watumishi wapatao 3,500 waliingizwa katika utaratibu uitwao ajaili, wenye vikosi vya watu wasiozidi tisa, wa soko na wa kompyuta wakikaa pamoja. Kikosi hutoa kazi kidogo kidogo, mteja huijaribu, na kasoro hurekebishwa kabla fedha nyingi hazijazama.

Gharama haikuwa ndogo. Watumishi walitakiwa kuomba kazi upya, na baadhi ya wenye ujuzi waliachwa kwa kutoendana na mtindo mpya.

Kampuni inayobadili majina ya idara, huku kila uamuzi ukisubiri saini ya mkuu yule yule, haijabadilika. Mwenye mtaji mdogo aanze na kikosi kimoja, akipe fungu lake na madaraka ya kuamua.