Hoja, tarehe yake na jibu lake

Injili ya Barnaba imetajwa mara nyingi kwenye mihadhara ya Waislamu na Wakristo katika miji yetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa. Mhadhiri wa Kiislamu hukiinua kitabu, akasoma mahali ambapo Isa anatabiri kuja kwa Mtume Muhammad kwa jina lake. Mkristo aliye upande wa pili hujibu kuwa kitabu hicho ni cha kughushi. Mjadala huishia hapo, kila upande umeshinda mbele ya watu wake. Msikilizaji aliyekuja kujifunza anaondoka bila kuambiwa kitabu kimetoka wapi, kiliandikwa kwa lugha gani, na nani alikuwa wa kwanza kukitaja.

Majibu yapo. Nakala kongwe ya Injili hiyo ni ya Kiitaliano, nayo imehifadhiwa katika maktaba ya taifa mjini Vienna. Ipo nyingine ya Kihispania, iliyonakiliwa katika karne ya 18, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Sydney. Wa kwanza kukitaja kitabu hiki bila utata ni Muislamu mwenye asili ya Hispania aliyehamia Tunis, aliyeandika mnamo mwaka 1634. Ndani ya kitabu chenyewe kuna jubilei inayokuja kila baada ya miaka 100, ilhali Torati inasema miaka 50. Jubilei ya miaka 100 iliwekwa na Papa Boniface VIII mwaka 1300, na Papa Clement VI akaipunguza kuwa ya miaka 50 mwaka 1343. Mwandishi aliyeishi zama za Isa angeijua vipi desturi hiyo? Mwaka 1907 Lonsdale na Laura Ragg walichapisha tafsiri ya Kiingereza huko Oxford, wakaweka utangulizi mrefu unaoeleza shaka za aina hii. Mwaka uliofuata ikatoka tafsiri ya Kiarabu mjini Cairo. Baadaye Kiingereza cha Ragg kilichapwa upya na wengine, mara nyingine bila ule utangulizi, na matoleo hayo yasiyo na utangulizi ndiyo yaliyosafiri mbali.

Habari zote hizi hazikupatikana kwa kubishana. Zimekusanywa na watu waliokaa maktabani miaka mingi, wakalinganisha miswada na kuandika walichokiona. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayozaa vitabu vya rejea, na katika uwanja wa mahusiano ya Waislamu na Wakristo kipo kimoja kikubwa kuliko vyote. Kinaitwa Christian-Muslim Relations: A Bibliographical History, na kinachapishwa na Brill ya Leiden, Uholanzi. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 2009 chini ya uhariri wa David Thomas wa Chuo Kikuu cha Birmingham na Barbara Roggema. Tangu hapo zimetoka juzuu zaidi ya 20, zikianzia mwaka 600 na kufika 1914. Huo haukuwa mwanzo kabisa wa juhudi hizi. Moritz Steinschneider alichapisha mjini Leipzig mwaka 1877 orodha ya maandishi ya Kiarabu ya mabishano baina ya Waislamu, Wakristo na Wayahudi. Georg Graf naye aliandika juzuu tano za historia ya maandiko ya Wakristo Waarabu, zilizotoka Vatikani kati ya 1944 na 1953. Ila kabla ya mradi huu hakuna aliyejaribu kukusanya kila andiko, la lugha yoyote, ambalo Muislamu aliandika kuhusu Ukristo au Mkristo kuhusu Uislamu.

Nguvu ya kitabu hicho iko katika utaratibu wake, ambao kwa mtazamo wa kwanza unachosha. Kila mwandishi anaelezwa kwanza: alizaliwa wapi, alifariki lini, na tunamjua kupitia vyanzo gani. Kisha kila andiko lake linapewa nafasi yake pekee: jina, tarehe, lugha ya asili, yaliyomo, umuhimu wake, miswada iliyopo na mahali ilipo, matoleo, tafsiri, na uchunguzi uliokwishafanywa. Hakuna mahali palipoachwa ili mhariri aseme nani alikuwa na haki mbele ya Mungu. Anayesoma akitafuta silaha ataondoka na chache, lakini anayetaka kujua hoja ilizaliwa lini na nani aliijibu anapata anachotaka.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Mnamo mwaka 1200 hivi, Paulo wa Antiokia, askofu wa Saida katika Lebanon ya leo, aliandika barua ya Kiarabu kwa rafiki yake Muislamu. Alidai kwamba Qur'ani yenyewe inawasifu Wakristo na kwamba imeteremshwa kwa Waarabu tu, hivyo Wakristo hawana sababu ya kuiacha dini yao. Mwanachuoni wa Misri, al-Qarafi, aliyefariki mwaka 1285, akaijibu. Karne moja na zaidi baada ya Paulo, Mkristo mmoja wa Cyprus ambaye jina lake halijulikani akaichukua barua ileile, akaipunguza ukali, akaongeza nukuu za Biblia na kurekebisha baadhi ya nukuu za Qur'ani. Nakala hiyo mpya ikatumwa kwa wanavyuoni wawili wa Damascus: mwaka 1316 kwa Ibn Taymiyya, na mwaka 1321 kwa al-Dimashqi. Al-Dimashqi akatoa jibu refu. Ibn Taymiyya akaandika Al-Jawab al-Sahih, kitabu kikubwa ambacho mpaka leo kinasomwa na kunukuliwa misikitini.

Sasa mtu akimsoma Ibn Taymiyya peke yake, atadhani anabishana na Ukristo wote, wa nyakati zote. Akimsoma akiwa na kitabu cha rejea mkononi, ataona anaijibu barua fulani, iliyotoka kisiwa fulani, nayo imejengwa juu ya barua nyingine iliyokwishajibiwa Misri. Jibu lake halipungui uzito kwa kujulikana hivyo. Tunalielewa zaidi, maana tunajua kwa nini anakaa kurasa nyingi kwenye jambo moja na kulipita jingine haraka.

Upande wa Wakristo nao una vitabu vilivyopokelewa bila kuulizwa kwao. Mwaka 1882 William Muir, mtawala Mskoti huko India na mwanahistoria, alitoa kwa Kiingereza kitabu kuhusu utetezi wa Ukristo unaosemekana uliandikwa na al-Kindi, Mkristo wa baraza la Khalifa al-Ma'mun wa Baghdad, katika karne ya 9. Wamisionari walikipenda sana. Lakini majina ya waliojibizana humo yana ulinganifu unaotia shaka. Muislamu anaitwa Abdallah bin Ismail al-Hashimi, Mkristo anaitwa Abd al-Masih bin Is-hak al-Kindi. Mja wa Mungu mwana wa Ismaili, mbele ya mja wa Masihi mwana wa Is-haka! Watafiti wengi wanaona ni majina ya kutungwa, na tarehe yake imebishaniwa. Anayenukuu kitabu hicho kama taarifa ya shahidi anafanya kosa lilelile la anayeinua Injili ya Barnaba.

Kwa hiyo mtu angedhani dawa ni kununua vitabu vya rejea na kuvitii. Haiwi rahisi hivyo, kwa sababu vitabu hivyo navyo vina wenyewe. Encyclopaedia of Islam ilianza kutoka Leiden mwaka 1913 na kukamilika 1938, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Waandishi wake wengi walikuwa wasomi wa Ulaya, wengine wakitoka nchi zilizokuwa zikiwatawala Waislamu wakati huohuo. Mmoja wa wahariri wake, A. J. Wensinck, aliandika makala kuhusu Nabii Ibrahimu. Humo alifuata rai ya msomi Mholanzi Snouck Hurgronje kwamba sura za Makka hazimuunganishi Ibrahimu na Kaaba, na kwamba uhusiano huo unajitokeza Madina tu. Mwaka 1933 Wensinck alipoteuliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Lugha ya Kiarabu mjini Cairo, makala hiyo ikafufuliwa magazetini, kelele zikawa nyingi, na uteuzi wake ukafutwa.

Nakielewa kilio cha watu wa Cairo. Kwa Muislamu anayeelekea Kaaba mara tano kwa siku, lile halikuwa suala la tanbihi. Hata hivyo, kilichonivutia zaidi ni kitu kingine kilichoanza mwaka huohuo mjini humo. Kundi la vijana wasomi lilianza kuitafsiri ensaiklopidia ileile kwa Kiarabu, na wanazuoni, akiwemo Ahmad Muhammad Shakir, wakaweka maelezo chini ya kurasa kuonyesha pale walipopinga na kwa ushahidi gani. Waturuki wakaenda mbali zaidi. Kuanzia 1940 waliitafsiri huku wakiisahihisha na kuongeza makala zao. Baadaye Wakfu wa Diyanet ukaandika ensaiklopidia mpya kabisa, juzuu 44 zilizotoka kati ya 1988 na 2013, na leo inasomwa bure mtandaoni. Leiden nako hawakukaa kimya. Toleo la pili lililokamilika miaka ya 2000 lina waandishi Waislamu wengi zaidi, na la tatu lililoanza 2007 linaendelea kuandikwa. Kitabu cha rejea kibovu hurekebishwa na kilicho bora kuliko hicho. Kususia peke yake hakuwezi kukirekebisha.

Ni hapa ninapoitazama pwani yetu na kuona tulivyo na mali ambayo haijaorodheshwa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Aliyemsaidia kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili alikuwa kadhi wa mji huo, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Sura tatu za kwanza zilichapwa Marekani miaka michache baadaye. Unguja hali ikawa hiyohiyo. Mmisionari Edward Steere, katika utangulizi wa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha mwaka 1870, anamshukuru Sheikh Abdul Aziz aliyejitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Watafiti wanamtambua kuwa ni Abdul Aziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi na mwanachuoni mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1896. Ukimtafuta katika kitabu cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, utamkuta kama alimu na mwalimu wa maalimu. Ukimtafuta kwa Steere, utamkuta kama rafiki aliyetafsiri Zaburi. Wachache wanaokisoma kitabu kimoja hukisoma na cha pili. Mtu ni mmoja, na picha zake mbili ziko kwenye rafu za dini mbili.

Farsy, kwa kuandika habari za wanavyuoni hao kwa Kiswahili, alituachia kitabu cha rejea chetu wenyewe. Kinafaa kiasi kwamba Randall Pouwels alikitafsiri kwa Kiingereza na kukichapisha Wisconsin mwaka 1989. Juzuu ya 19 ya Christian-Muslim Relations, ule mradi wa Birmingham, inahusu Afrika kusini mwa Sahara kuanzia 1800 hadi 1914, na ni hatua ya kushukuriwa, ingawa bei ya vitabu hivyo ni mamia ya yuro kwa juzuu moja. Tatizo kubwa kuliko bei ni mwaka 1914. Mjibizano mkubwa wa Kiswahili ulianza baada ya hapo.

Mwaka 1923 Padri Godfrey Dale wa misheni ya Waanglikana ya Unguja alitoa mjini London tafsiri ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili, yenye dibaji na maelezo, iliyokusudiwa hasa walimu wa Kikristo. Waislamu wengi waliona maelezo hayo yameupotosha Uislamu. Mjini Mombasa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, mwanzilishi wa gazeti la Al-Islah la mwaka 1932, akaanza tafsiri yake, akafariki mwaka 1947 kabla haijachapwa. Mwaka 1953 Waahmadiyya chini ya Sheikh Mubarak Ahmad wakatoa yao mjini Nairobi, ikiwajibu Wakristo na pia ikieleza imani zao wenyewe. Farsy akaandika kijitabu kuikosoa, kisha akakamilisha Qurani Takatifu yake mwaka 1969. Ukizisoma tanbihi za vitabu hivi kwa mfuatano, unasikia watu wakijibizana ndani ya lugha moja kwa karibu nusu karne. Hoja nyingi zinazotolewa leo kwa vipaza sauti zimo humo, pamoja na majibu yake.

Kuziorodhesha kwa utaratibu ule wa Birmingham kunahitaji watu wa pande zote mbili wanaosoma Kiarabu na Kiswahili cha zamani, na walio tayari kuandika yaliyomo katika kitabu cha mpinzani kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe angekubali. Na maswali yataanza ukurasa wa kwanza. Tafsiri ya Sheikh al-Amin iliandikwa kabla ya ile ya Waahmadiyya, lakini sehemu zake zilichapwa miaka mingi baada ya kifo chake, wakati ya Farsy imekwishaenea. Akiwekwa mahali alipoandikia, wasomaji wa 1953 wataonekana kama walikuwa naye mikononi. Akiwekwa mahali alipochapwa, ataonekana anamfuata Farsy, mtu wa zama zilizofuata. Mhariri wa kwanza itabidi aamue, na aeleze chini ya ukurasa kwa nini.