Kioo kidogo kwenye simu: tumjue mdudu mbele ya kununua dawa

Kila musimu tunapokea kwa simu picha za mahindi yaliyoliwa. Jani linaonekana, matundu yanaonekana, lakini yule anayekula ni nukta tu ya kahawia. Kwa picha ya namna hiyo hatuwezi kumwambia mtu anunue dawa gani, ao kama iko lazima anunue.

Kamera za simu nyingi hazioni vizuri kitu kilicho karibu sana. Ukisogea, picha inakuwa ukungu, na ukiivuta kwa vidole unakuza ukungu ule ule. Kinachosaidia ni lenzi ndogo yenye pensi, inayobanwa juu ya kamera. Iko kwa wauzaji wa vitu vya simu, na moja inatosha kwa kikundi kizima. Ukiikosa, lupe ya fundi wa saa inafanya kazi hiyo: ishike mbele ya kamera, kioo kwa kioo.

Lenzi ya 10x inataka mdudu awe kwa sentimeta 2 na nusu hivi. Hapo ndipo watu wengi wanashindwa, juu wanangoja simu itafute yenyewe. Sogeza simu yote mbele na nyuma, polepole, mpaka kichwa cha mdudu kiwe safi. Sehemu inayoonekana safi ni nyembamba, milimeta chache tu, kwa hiyo egemeza viwiko juu ya magoti, zuia pumzi, piga picha 10 uchague 1. Kama simu iko na kamera mbili ao tatu, ziba moja moja na kidole ujue ipi inapiga. Flashi hapana, inafanya ngozi ya mdudu ing'ae. Kivuli cha asubuhi kinafaa kuliko jua kali.

Kwa mahindi tunatafuta kiwavi jeshi vamizi, aliyetoka Amerika na kuonekana Afrika mara ya kwanza 2016. Mbele ya kichwa ana mstari mweupe kama Y iliyopinduliwa. Lakini msiishie hapo, viwavi wengine pia wana mstari unaofanana. Pigeni na upande wa mkia, kwa mgongo: huyu ana madoa 4 meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Kiwavi anayetoboa shina hana mraba huo. Akiwa mdogo sana alama hazijatokea vizuri, basi tafuteni mwenye kukomaa kidogo kwa mmea wa jirani.

Kumjua mapema kuna faida ya franka. Akiisha kuingia ndani ya moyo wa mhindi, dawa inayopulizwa juu haimfikii vizuri, na pesa ya koperative inaenda bure. Akiwa bado mdogo, ao akiwa bado mayai chini ya jani, hata vidole vinamponda.

Mbele ya kutuma, weka punje ya hindi kando ya mdudu ili tujue ukubwa wake. Hesabu mimea 20 kwa sehemu 5 za shamba, uandike ngapi imeshambuliwa, na mahindi yana wiki ngapi. Kwa WhatsApp tuma picha kama dokima, siyo kama picha ya kawaida, juu njiani inapunguzwa na yale madoa 4 yanapotea.