Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Akija Kupima Maji Yetu



Siku moja tulikuwa Eliye Springs, tumeketi chini ya mikoma pamoja na kina mama wa kikundi cha kujisaidia. Tulikuwa tumeenda kuzungumza juu ya daftari la akiba. Lakini mama mmoja akatuuliza jambo jingine kabisa. Alisema: "Kuna vijana wa chuo walikuja na chupa zao. Wakachukua maji ya kisima, wakaangalia meno ya watoto, wakaandika, wakaenda. Huu sasa ni mwaka wa tatu. Majibu yetu yako wapi?"

Hatukuwa na la kumjibu siku ile. Basi tumeona tuandike makala hii, maana swali la mama huyu si lake peke yake. Lodwar, Kakuma, Kalokol, kote wanakuja wanafunzi wa vyuo vikuu kupima maji, upepo, jua, nyumba na miili yetu. Je, wanatafuta nini? Na sisi tunapata nini?

MWANAFUNZI HUYU NI NANI?

Mtu akimaliza shahada ya kwanza anaweza kuendelea na ya pili, yaani uzamili, na baadaye ya tatu, yaani uzamivu. Hapo hafundishwi darasani tu. Anatakiwa kuchagua swali moja ambalo halijajibiwa vizuri, alichunguze kwa vipimo, kisha aandike kitabu cha majibu yake. Walimu wakiridhika, anapewa shahada.

Wa uhandisi huuliza jinsi ya kutengeneza kitu kifanye kazi: pampu, chujio, nyumba isiyo na joto kali. Wengine huchunguza vitu vyenyewe, kama vile udongo, mchanga, saruji, mabati na mkaa: kipi kinashika joto, kipi kinachuja, kipi kinaharibika upesi. Ukisikia hivyo utadhani ni mambo ya maabara tu, hayatuhusu. Kumbe yanahusu meno ya mtoto wako. Tueleze.

FLORAIDI: ADUI ASIYEONEKANA

Bonde la Ufa limejaa mawe ya volkeno. Maji yakipita katika mawe hayo chini ya ardhi, huyeyusha chumvi fulani iitwayo floraidi. Maji hayo yanaweza kuwa meupe, baridi, matamu, na bado yakawa na floraidi nyingi. Ziwa Turkana halina mto wa kutokea. Maji yanaingia, hasa kwa mto Omo kutoka Ethiopia, kisha yanakauka kwa jua, na chumvi zinabaki. Ndiyo maana maji ya ziwa yana floraidi inayopita kipimo kinachokubalika mara kadhaa.

Kipimo hicho ni kipi? Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Ni kidogo sana. Chukua kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kama gramu 6 hivi. Uzito kama huo wa floraidi ukigawanywa katika mitungi 200 ya lita 20, kila mtungi utakuwa tayari umefika kipimo hicho.

Floraidi kidogo husaidia meno. Ikizidi, mtoto ambaye meno yake ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya ufizi, yaani kabla ya miaka 8, huota meno yenye madoa ya kahawia, na mengine hulika. Hayasafishiki kwa mswaki wala kwa majivu. Mtu akinywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo pia huumia: mgongo unakakamaa, magoti yanauma, wengine hupinda miguu. Si laana, si uchafu, wala si ugonjwa wa ukoo. Ni maji.

Na hapa watu wengi hukosea. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Tena maji yakipungua kwa kuchemka sana, floraidi inabaki katika maji machache zaidi. Dawa ya klorini haiiondoi. Kuchuja kwa kitambaa hakuiondoi. Kwa macho na kwa ulimi huwezi kuijua. Lazima maji yapimwe, na kila chanzo kipimwe peke yake, kwa sababu visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana.

Kwa hiyo wale vijana wenye chupa walikuwa na kazi ya maana. Ubaya ni kwamba jibu halikurudi.

KAZI KUBWA ILIYOSAHAU KUULIZA

Tusidhani kwamba wenye elimu hawakosei. Wazee wa Kalokol wanalikumbuka jengo la kugandisha samaki lililojengwa kwa msaada wa Norway. Lilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na gharama yake hutajwa kuwa dola milioni 22. Lilifanya kazi siku chache tu, likafungwa. Kugandisha samaki katika joto la Turkana kulitaka nguvu nyingi na maji safi mengi, na gharama haikulingana na samaki waliopatikana. Baadaye ghuba ya Ferguson yenyewe ikakauka, na wavuvi wakabaki wakitazama mchanga.

Wahandisi wale walijua sana mashine. Lakini mashine haiishi peke yake. Inaishi na jua la mahali, maji ya mahali, mafuta yanayoletwa kutoka mbali, na kazi ambayo watu wenyewe wamezoea.

Mwaka 2013 tulisikia habari nyingine kubwa, kwamba kuna maji mengi mno chini ya ardhi huko Lotikipi. Watu walishangilia. Vipimo vilivyofanywa baadaye vikaonyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi, hayafai kunywewa hivi hivi. Funzo ni kwamba maji mengi bado si maji mazuri, mpaka yapimwe.

MKAA WA MIFUPA KULE NAKURU

Sasa tutazame kazi iliyokwenda vizuri zaidi. Nakuru nako ni Bonde la Ufa, na shida ya floraidi iko vile vile. Mwaka 1998 Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kazi ya kuondoa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Mkaa huo hufanyaje kazi? Mfupa umejengwa kwa madini yanayoipenda floraidi. Ndiyo sababu floraidi hukimbilia mifupa na meno yetu. Basi badala ya kuiacha ikamate mfupa wa mtoto, tunaiwekea mfupa mwingine njiani. Mifupa huchomwa katika tanuri lisilo na hewa nyingi, ikasagwa, ikachekechwa, ikaoshwa, ikawekwa ndani ya ndoo au tangi. Maji yakipita polepole, floraidi hunaswa.

Lakini moto una kanuni yake. Ukiwa mdogo, mkaa hunuka na maji hupata rangi na ladha mbaya. Ukizidi, mfupa huwa mweupe na nguvu yake ya kunasa hupungua. Na hata mkaa mzuri siku moja hujaa. Ukijaa, maji yataendelea kutoka safi kwa macho, kumbe floraidi inapita kama kawaida. Kwa hiyo tafadhali, msichome mifupa nyumbani na kudhani mmepata chujio. Mkaa usiopimwa unaweza kuwadanganya.

Kuanzia mwaka 2006 hivi watu wa Nakuru walishirikiana na taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi iitwayo Eawag. Wataalamu waliuliza maswali madogo madogo: mkaa hudumu muda gani? Je, ukichanganywa na punje zenye kalisi na fosfati utadumu zaidi? Watu watakubali kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa? Hili la mwisho si la kemia, lakini lina uzito ule ule. Chujio ambalo mama hataki kulitumia ni pambo tu.

KIJANA WA KIJIJINI KULE TANZANIA

Ng'ambo ya mpaka, mkoa wa Arusha, floraidi pia imeharibu meno ya wengi. Huko kuna chuo kinachoitwa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, kinachofundisha wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Mmoja wa walimu wake ni Askwar Hilonga. Alizaliwa kijijini, akakua akiona watu wakiugua kwa sababu ya maji machafu. Akaenda kusoma uzamivu Korea Kusini, akachunguza vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho.

Alipomaliza hakubaki na kitabu chake kabatini. Alichukua chujio la mchanga, kitu ambacho hata babu zetu wangekielewa, akaongeza ndani yake vitu hivyo vidogo vya kunasa sumu. Jambo la busara ni hili: chujio hutengenezwa kulingana na shida ya mahali, iwe ni vijidudu au floraidi. Maana yake, ni lazima kwanza maji ya mahali yapimwe. Mwaka 2015 alikuwa mtu wa kwanza kupata Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000.

Tunamtaja ili mwone njia yenyewe. Swali lilitoka kijijini, likaenda chuoni, jibu likarudi kijijini. Na siku hizi chuo hakiko mbali. Tangu mwaka 2017 Lodwar kuna Chuo cha Turkana, kilichoanzishwa chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Mtoto wa kikundi chenu anaweza kuwa ndiye mwenye chupa kesho.

MASWALI YA KUULIZA

Mtafiti akifika, mkaribisheni kama mgeni, mpeni kivuli na maji. Halafu mwenyekiti na katibu waulize hivi, kwa upole:

1. Umetoka chuo gani, na mwalimu wako anayekusimamia ni nani? Aandike namba ya simu ya chuo, si yake tu.

2. Una kibali? Kwa sheria ya mwaka 2013, anayefanya utafiti Kenya anatakiwa kuwa na leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Kuomba kuiona si utovu wa adabu.

3. Unatafuta kujua nini? Akieleza kwa maneno magumu, mwambieni arudie. Asiyeweza kueleza kazi yake kwa lugha ya kawaida huenda bado hajaielewa.

4. Utachukua nini kwetu: maji, picha, damu, vipimo vya meno? Kila mtu ana haki ya kukubali au kukataa, na hata akiwa amekubali anaweza kubadili nia. Kwa mtoto, mzazi ndiye aulizwe kwanza.

5. Kama unaleta kifaa, kikiharibika nani atakitengeneza? Vipuri vinapatikana Lodwar? Mkaa au kichujio kikijaa, tutajuaje?

6. Majibu yatarudi lini, kwa nani, na kwa lugha gani?

Swali la sita ndilo la muhimu kuliko yote. Msikubali kuambiwa tu "tutawaletea". Andikeni tarehe.

WAKATI MKINGOJA

Kuna mambo ya kufanya hata kabla ya majibu. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutia wasiwasi. Penye paa la mabati, wekeni mfereji na tangi lenye mfuniko, na mvua ya kwanza iachieni ioshe paa. Kama mnajua chanzo chenye maji yaliyopimwa yakawa mazuri, maji hayo yawe kwanza ya kunywa na kupikia watoto wadogo na kina mama waja wazito. Yenye floraidi yatumike kufulia na kuoga. Punguzeni magadi katika chakula, maana nayo mara nyingi hubeba floraidi. Na mkiona madoa kwenye meno ya watoto wengi wa mahali pamoja, msingoje mtafiti apite. Nendeni ofisi ya maji ya kaunti au ya afya, mwombe chanzo kipimwe.

DAFTARI LA PILI

Tuliporudi Eliye Springs, tulikuta kina mama wale wamefungua daftari la pili, kando ya lile la akiba. Lina mistari ya kalamu: tarehe, jina la mgeni, chuo chake, namba ya kibali, alichochukua, alichoahidi. Sehemu ya mwisho imeandikwa "Majibu yamerudi?"

Wamewaandika hata wale vijana wa kwanza, kwa kadiri walivyowakumbuka. Katibu aliikumbuka pia rangi ya gari lao, akaiandika. Kisha wakatuma barua kwenye chuo chenyewe, wakieleza kwa heshima kwamba maji yalichukuliwa na wanaomba kujua yalikutwa na nini. Nakala ya barua imebanwa ndani ya daftari.

Tunawashauri na nyinyi mfanye vivyo hivyo. Daftari ni bei ndogo. Na ikiwa kikundi chenu kimewahi kupewa majibu ya utafiti, yawe mazuri au mabaya, tuandikieni tuwashirikishe wenzenu. Maji ni uhai, lakini ni vizuri kujua tunakunywa nini.