Mkuki wa Tawi la Mti

Sogeeni karibu, wanangu, niwape habari za kijana wa Nandi ambaye hakuvutiwa na mbio.

Nandi ya Kenya ndiko walikotoka wakimbiaji Kipchoge Keino na Eliud Kipchoge. Huko mtoto akisema anapenda michezo, anaonyeshwa barabara: haya, kimbia! Lakini Julius Yego, aliyezaliwa mwaka 1989, moyo wake ulikuwa kwenye mkuki, na mkuki wenyewe hakuwa nao. Mkuki wa mashindano ya wanaume una uzito wa gramu 800, ncha ya chuma, na kamba iliyozungushwa katikati ili mkono usiteleze. Yego alikata matawi ya miti, akayachonga, akayarusha.

Tawi haliruki kama mkuki halisi. Hata hivyo naamini lilimfaa sana, kwa kuwa bega lilizoea kazi na hamu haikufa. Kilichobaki ni mbinu, na kocha wa mkuki hakuwa naye. Basi akaingia saiba, akafungua YouTube, akawatafuta warusha mkuki Andreas Thorkildsen wa Norwei na Jan Železný wa Jamhuri ya Czech, mwenye rekodi ya dunia ya mita 98.48.

Hapa nisikilizeni vizuri. Wengi wetu tukitazama video tunafurahi, tunafunga, basi. Yego alitazama kama fundi anayechungulia kazi ya fundi mwenzake. Mrushaji wa mkono wa kulia, katika hatua za mwisho, hupishanisha miguu huku mwili umegeukia upande na mkono wenye mkuki umebaki nyuma, umenyooka. Kisha mguu wa kushoto unakita chini na kukataa kupinda. Mbio zote alizokuja nazo zinapanda kutoka mguuni hadi nyonga, begani, hadi kwenye mkuki. Mguu huo ukilegea, nguvu imepotea, hata uwe na misuli ya namna gani. Yote hayo hutokea kufumba na kufumbua! Yego alitazama, akaenda uwanjani kujaribu, akarudi kutazama tena. Ndiyo maana watu wakambandika jina la Bwana YouTube.

Mwaka 2011, mjini Maputo, alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika. Baadaye akapata nafasi ya kwenda Finland kufundishwa na kocha Petteri Piironen, naye akaenda bila kusita. Wako wanaopenda kukisimulia kisa hiki kana kwamba Yego hakusaidiwa na mtu yeyote. Mimi sikubaliani nao. Alitumia tawi kwa sababu ndilo alilokuwa nalo, na kocha alipopatikana alimtumia pia.

Mwaka 2014 alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Glasgow. Agosti 2015, kwenye Mashindano ya Dunia mjini Beijing, katika jaribio la tatu alirusha kwa nguvu hadi akaanguka kifudifudi. Mkuki ulitua mita 92.72. Akawa bingwa wa dunia, na kwa mkuki wa aina ya sasa ni wanaume wawili tu waliokuwa wamewahi kurusha mbali zaidi, Železný akiwa mmoja wao.

Video ya mrusho huo ipo. Ombeni simu ya mkubwa wenu muitazame, na macho yenu yawe kwenye mguu wa kushoto.